Fedha za Kuifunza Bodi Kazi

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikabidhi uendeshaji wa kila shule ya umma nchini Kenya kwa chombo kiitwacho Bodi ya Usimamizi, ikayaweka kando majina yaliyokuwa yamezoeleka tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, yaani kamati ya shule kwa upande wa shule za msingi na bodi ya magavana kwa upande wa sekondari. Bodi hiyo ndiyo inayopaswa kupanga maendeleo ya shule, kutunza majengo na mali yake, kupokea na kuzitolea hesabu fedha zitokazo serikalini, kwa wazazi na kwa wahisani, na kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kuhusu upungufu wa walimu. Kazi zote hizo zimeandikwa katika Kiingereza cha wanasheria, na zinatarajiwa kufanywa bila mshahara na watu ambao, katika vijiji vya Kaunti ya Kilifi, aghalabu ni wakulima wa minazi na mahindi, wavuvi, wachuuzi na walimu waliostaafu. Ndiyo sababu kwa takriban miaka arobaini wafadhili wa namna mbalimbali wamekuwa wakitoa ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, kwa kusudi mahususi la kuziimarisha bodi na kamati za shule. Pwani, ambako Kilifi ipo, imekuwa uwanja wa majaribio kadhaa ya aina hiyo, na historia yake inaonyesha jambo ambalo waandishi wa maombi ya ruzuku hupenda kulipita haraka: bodi hujifunza kazi pale inapokuwa na jambo la kuamua, na mafunzo yasiyofuatwa na mamlaka hubaki ukumbini yalikotolewa.

Kabla ya kuzungumzia fedha, inafaa kutazama ni nani hasa hukaa katika bodi. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinataja wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi, mmoja aliyeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja aliyechaguliwa na walimu, watatu wa mdhamini wa shule, mmoja wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi, huku bodi ikiruhusiwa kuongeza watu wasiozidi watatu wenye ujuzi inaouhitaji. Mdhamini ni taasisi iliyoianzisha shule au kuilea tangu utoto wake, na kwa kawaida huwa ni kanisa au jumuiya ya kidini. Huko Kilifi suala la mdhamini lina mizizi mirefu kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa kuwa wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, nao Wamethodisti wakaingia Ribe mwaka 1862, na karibu kila kituo cha misheni kilizaa shule. Matokeo yake ni kwamba shule inaweza kuwa chini ya udhamini wa kanisa ilhali sehemu kubwa ya wazazi wake ni Waislamu au wafuasi wa dini ya jadi ya Wamijikenda. Sheria inamtaka mdhamini alinde imani za wengine na pia aisaidie shule kwa fedha na majengo, sharti ambalo, likilinganishwa na lile la viti vitatu, hukumbukwa kwa nadra.

Mwalimu mkuu naye ni katibu wa bodi. Yeye ndiye anayezipokea nyaraka za wizara, anayeandaa ajenda, anayeandika kumbukumbu za mkutano na anayeijua taarifa ya benki kabla ya mtu mwingine yeyote. Isitoshe, yeye ndiye aliyepata mafunzo zaidi, kwa kuwa taasisi ya serikali ya usimamizi wa elimu, iliyoanza mwaka 1981 kwa jina la KESI na ambayo leo inaitwa KEMI, kwa miaka mingi iliwashughulikia zaidi walimu wakuu na maofisa wa elimu kuliko mwenyekiti wa kijijini. Pengo la ujuzi kati ya katibu na wajumbe ndilo linaloamua ni nani anayeongoza mkutano, bila kujali anayekaa kwenye kiti cha mbele, na ruzuku yoyote inayodai kuimarisha bodi hupimwa hapo kwanza: je, inalipunguza pengo hilo, au inampa yule mwenye maarifa mengi maarifa zaidi?

Mfano wa Pwani wenye mengi ya kufundisha haukuanzia katika shule za serikali. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani waliupeleka kwa Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, wasiwasi wao kwamba watoto wa jamii zao waliingia darasa la kwanza bila maandalizi na kwamba wachache mno walifika chuo kikuu. Jibu lake lilikuwa Mpango wa Madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986 kwa fedha za Wakfu wa Aga Khan chini ya uongozi wa mwalimu Bi Swafiya Said, ukaenea katika miji na vijiji vya Pwani, Kilifi na Malindi zikiwemo, kisha ukavuka kwenda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watu wengi hukumbuka upande wake wa ufundishaji, yaani chekechea zilizotumia Kiswahili, nyimbo na hadithi za nyumbani, mafunzo ya dini yaliyosukwa pamoja na michezo, na vifaa vilivyotengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbegu na makombe ya baharini. Upande wa pili, ambao haukuvutia wapiga picha, ulikuwa wa utawala.

Kituo cha Madrasa, kilichouendesha mpango huo, hakikwenda kijijini kufungua shule. Kijiji ndicho kilichotakiwa kuomba, na ombi lilipokubaliwa kilipaswa kuunda kamati ya usimamizi yenye wanawake ndani yake, kutafuta mahali pa kufundishia, kuchagua wasichana na akina mama wa pale pale watakaofunzwa ualimu, na kutia saini mkataba na Kituo. Mkataba ulieleza wajibu wa pande zote mbili: Kituo kingefunza walimu na kamati, kingetembelea shule mara kwa mara na kutoa msaada mdogo wa kuanzia, nayo kamati ingelipa walimu, ingetunza hesabu na ingewaita wazazi mkutanoni. Baada ya muda uliowekwa shule ilipimwa kwa vigezo vilivyofahamika tangu siku ya kwanza, na iliyofaulu ilifanyiwa mahafali kama afanyiwavyo mwanafunzi. Kinachostahili kuzingatiwa ni mpangilio wa mambo. Kamati ilikuwa na maamuzi ya kufanya kabla hata mafunzo hayajaanza, kwa maana kiwango cha ada, uteuzi wa mwalimu na mahali pa darasa vilikuwa mikononi mwake, na kila somo la uwekaji wa hesabu lilimkuta mjumbe akiwa tayari na daftari lenye fedha za jirani zake.

Ugumu ulijitokeza baada ya mahafali. Shule iliyohitimu ilipungukiwa na ziara za Kituo, na mishahara ya walimu iliendelea kutegemea ada ambazo wazazi wa mashambani walizilipa kwa kusuasua. Wakfu ulijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuzianzishia shule zilizohitimu mifuko midogo ya wakfu, yaani mafungu ya fedha ambayo mtaji wake hauguswi bali huwekezwa, na shule hupata gawio linalotokana na uwekezaji huo, huku jamii ikichangia sehemu yake na mfadhili akiweka iliyobaki. Wazo hilo halikuwa geni kwa watu wa Pwani, ambako misikiti na visima vimetunzwa kwa mali ya wakfu kwa karne nyingi, na pengine hilo ndilo lililofanya lieleweke haraka. Gawio, hata hivyo, lilikuwa dogo kuliko mshahara. Isitoshe, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mnamo Januari 2003, wazazi wengi nchini walianza kuhoji kwa nini walipe chekechea ilhali darasa la kwanza halilipiwi, na kamati zilizokuwa zimefunzwa vizuri kabisa zikajikuta zikidai ada kwa watu waliokuwa wamekwisha kuambiwa kwamba zama za ada zimepita. Upande wa Watamu, mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya, unaowapa basari wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka Msitu wa Arabuko-Sokoke, umekuwa tangu mwaka 2001 ukijaribu njia nyingine ya kupata chanzo cha kudumu cha fedha za elimu, kwa kutumia mapato ya watalii wanaolipia kupita katika daraja la miti la Mida. Chanzo cha aina hiyo kiko karibu na walengwa, lakini hupungua watalii wanapopungua, na Malindi inajua vizuri misimu ya namna hiyo.

Mabadiliko ya 2003 yaliyozibana chekechea ndiyo yaliyozipa kamati za shule za msingi za serikali nguvu ambazo hazikuwa nazo kabla. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka na kuzipeleka moja kwa moja katika akaunti mbili za shule, 650 zikiwa za vitabu na vifaa vya kufundishia katika akaunti iliyojulikana kwa jina la SIMBA, na 370 zikiwa za matumizi ya jumla. Kamati ndogo ya uteuzi ilikaa na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ikachagua, ikaagiza na ikapokea. Mjumbe wa Ganze au Marafa aliyekuwa amezoea kuitwa shuleni kwa ajili ya harambee tu aliitwa sasa kuweka saini, na semina za kuzifunza kamati kazi hiyo zilipata wasikilizaji wenye sababu ya kusikiliza. Katika miaka hiyo hiyo mradi wa EMACK, uliofadhiliwa na Shirika la Misaada la Marekani na kuendeshwa na Wakfu wa Aga Khan katika Pwani na Kaskazini Mashariki kuanzia 2004, ulijishughulisha na kuzijenga kamati za shule pamoja na kuwafunza walimu.

Yaliyofuata yaliziondolea kamati sehemu ya nguvu hizo, japo chimbuko lake lilikuwa mbali na vijiji. Mpango wa kitaifa wa kusaidia sekta ya elimu, KESSP, ulioanza mwaka 2005, uligharimiwa na serikali pamoja na wafadhili kadhaa na ulikuwa na ruzuku za ujenzi zilizopitia mikononi mwa kamati za shule. Ukaguzi ulipofichua ubadhirifu ndani ya Wizara ya Elimu, Uingereza ilisimamisha fedha zake mwezi wa Desemba 2009 na Marekani ikafuata Januari 2010. Shule zilizokuwa na nusu ya jengo zilibaki na nusu ya jengo. Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 2018, ununuzi wa vitabu nao ukarudishwa Nairobi, serikali ikieleza kwamba baadhi ya walimu wakuu na wauzaji wa vitabu walikuwa wakishirikiana kuzila fedha hizo, na vitabu vikaanza kuletwa hadi shuleni na wachapishaji. Huenda uamuzi huo uliokoa fedha nyingi. Vilevile uliifuta, kwa waraka mmoja, kazi ambayo kamati zilikuwa zimefunzwa kwa miaka kumi na tano, wala hakuna ruzuku iliyopewa jukumu la kuwaeleza wajumbe ni uamuzi gani mwingine waupate badala yake.

Kabla ya waraka huo, mradi mkubwa uliofuata KESSP, PRIEDE, ulikuwa umeanza kujaribu kuurudisha uamuzi shuleni kwa njia ya mpango ulioandikwa. Ulianza mwaka 2015 kwa ruzuku ya dola milioni 88.4 kutoka kwa Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, ikisimamiwa na Benki ya Dunia, na sehemu yake moja ililenga shule za msingi 4,000 zilizokuwa na matokeo duni. Kila shule ilitakiwa kuandaa Mpango wa Kuboresha Shule, yaani waraka ambamo bodi inaeleza upungufu wa shule, inachagua lipi lishughulikiwe kwanza na kutaja gharama yake, kisha ruzuku ikatolewa kwa awamu kulingana na mpango huo na hesabu zikakaguliwa. Kwa mpangilio huo fedha zilikuja nyuma ya uamuzi, jambo ambalo miradi mingi hulifanya kinyume. Kasoro yake ni ile ile ya miradi yote yenye tarehe ya kufungwa: wajumbe wa bodi hutumikia kipindi cha miaka mitatu, na mradi unapokwisha waliojifunza kuandika mpango nao huwa wamekwisha kutoka, wakaingia wengine ambao hakuna aliyewatengea semina. Afrika Kusini ililiona tatizo hili mapema, na Sheria yake ya Shule ya mwaka 1996 iliitaka mikoa yenyewe igharimie mafunzo ya mwanzo kwa kila bodi mpya na mafunzo endelevu kwa zilizopo, hivyo ujuzi wa bodi ukawa ni fungu la bajeti ya kila mwaka badala ya kungoja mfadhili.

Tafiti zilizofanywa kwa makini kuhusu fedha na mafunzo ya kamati zinaelekea upande mmoja. Magharibi mwa Kenya, kati ya 2005 na 2006, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule ambazo kamati zake zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa mkataba, na nusu ya kamati hizo zilipewa pia mafunzo mafupi ya kumsaili, kumfuatilia na kumpima mwalimu huyo. Pasipo mafunzo, walimu wa kudumu walilegeza kazi kwa kuwa mwenzao amekuja, na nafasi za mkataba ziliwaangukia jamaa zao mara nyingi zaidi, lakini palipokuwa na mafunzo mambo hayo yote mawili yalipungua. Ikumbukwe kwamba mafunzo hayo yalihusu uamuzi mmoja unaojulikana, wenye fedha ndani yake, na hayakuwa somo la jumla kuhusu uongozi bora.

Nchini Indonesia matokeo yalikuwa ya kushangaza zaidi. Utafiti katika shule za Java ya Kati na Yogyakarta ulilinganisha njia nne za kuimarisha kamati, yaani ruzuku, mafunzo, uchaguzi wa wajumbe kwa njia ya kidemokrasia, na kuiunganisha kamati na baraza la kijiji, na ikaonekana kwamba ruzuku na mafunzo peke yake hayakuongeza sana kile walichojifunza watoto, ilhali kuunganishwa na baraza la kijiji, hasa pamoja na uchaguzi, kuliongeza. Kwa Kilifi hilo lina tafsiri ya moja kwa moja. Bodi inayojua kwamba mwalimu hafiki darasani haina uwezo wa kumfuta kazi, kwani mwajiri wake ni Tume ya Huduma za Walimu, na bodi inayojua kwamba watoto wanakaa nyumbani wakati wa ukame wa Magarini haiwezi kuwarudisha bila chifu, mzee wa mtaa na msimamizi wa wadi. Barua ya bodi inayokwenda kwa chifu na kusomwa barazani ina uzito ambao kumbukumbu za mkutano zilizofungiwa ofisini hazina, wala haihitaji dola hata moja.

Uganda nayo ilionyesha kwamba namna bodi inavyoulizwa ni muhimu kama kile inachoulizwa. Katika jaribio lililohusu shule 100 za msingi za vijijini, baadhi ya kamati zilipewa fomu ya kupima shule iliyoandaliwa na wataalamu, na nyingine ziliongozwa zitunge vigezo vyake zenyewe. Matokeo ya mitihani yalipanda na utoro wa walimu na wanafunzi ukapungua katika shule za kundi la pili. Kwa upande wa Gambia, shule zilizopewa ruzuku pamoja na mafunzo ya usimamizi hazikuonyesha kwa ujumla mabadiliko katika alama za wanafunzi, lakini watafiti waligundua kwamba mafunzo yalielekea kufanya kazi mahali ambapo watu wazima wengi wanajua kusoma na kuandika. Ugunduzi huo unapaswa kusomwa kwa uangalifu Pwani, kwani kipingamizi cha kusoma kina tiba ya gharama nafuu ambayo wafadhili huipuuza: miongozo ya fedha, fomu za ununuzi na taarifa za ukaguzi zikiandikwa kwa Kiswahili, na kuelezwa kwa Kigiriama mkutanoni pale inapohitajika, idadi ya wajumbe wenye uwezo wa kuuliza swali huongezeka siku hiyo hiyo. Ni vigumu kueleza kwa nini bodi ya Bamba, inayojadiliana kwa lugha mbili za nyumbani, ikabidhiwe hesabu zake katika lugha ya tatu.

Malindi na Watamu zina hali yao ya pekee. Kwa miongo kadhaa wageni wa Ulaya, Waitaliano hasa, wamejenga madarasa, wamechimba visima na wamelipia chakula cha mchana katika shule za maeneo hayo, na wema huo hautiliwi shaka na watu walioufaidi. Tatizo lake ni la kiutawala. Mhisani anayekuja likizoni na kuzungumza na mwalimu mkuu peke yake huacha jengo ambalo halikuwa katika mpango wa bodi, halikupitia utaratibu wake wa zabuni na mara nyingine halimo katika daftari la mali, hivyo bodi hurithi paa la kukarabati bila kuwa imewahi kuulizwa. Shirika au mtu binafsi anayetaka kuisaidia shule bila kuinyang'anya bodi kazi yake anaweza kudai jambo moja tu, yaani nakala ya kumbukumbu za mkutano uliolipitisha ombi hilo.

Suala la posho nalo huepukwa katika hati za ruzuku, ingawa ndilo linaloamua kama akidi itatimia. Mjumbe anayetoka upande wa pili wa kata ndefu ya Ganze hupoteza kibarua cha siku na hulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na asipofidiwa chochote, bodi pole pole hubaki na wanaoishi karibu na shule na wenye kipato, yaani wanaume wenye umri mkubwa. Wafadhili huogopa, na si bila sababu, kwamba posho huzaa watu wa kuhudhuria semina kama kazi. Nauli inayolipwa kwa kikao chenye maamuzi yaliyoandikwa ni kitu tofauti na posho ya semina ya siku tatu hotelini, na tofauti hiyo ni rahisi kuiweka katika bajeti kuliko inavyodhaniwa.

Mambo haya yamekuwa ya haraka tangu Januari 2023, pale wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 chini ya mtaala mpya walipoanza masomo ya sekondari msingi ndani ya viwanja vya shule za msingi. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati huo ilikuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, na ile ya sekondari msingi iliwekwa kuwa shilingi 15,042, zaidi ya mara kumi. Shule yenye wanafunzi 100 wa sekondari msingi ilitarajia, kama fedha zote zingefika kwa wakati, takriban shilingi milioni moja na nusu kwa mwaka juu ya zile ilizozoea, pamoja na maswali mapya kuhusu maabara, ununuzi wa vifaa vya sayansi na mgawanyo wa fedha kati ya ngazi mbili zinazotumia uwanja mmoja na mwalimu mkuu mmoja. Bodi zilizoyapokea majukumu hayo ni zile zile zilizokuwa zikihesabu chaki na madawati. Katika kaunti yenye watu 1,453,787 kwa mujibu wa sensa ya 2019, na shule za msingi zilizotawanyika kutoka ufukweni hadi nyika ya Bamba, mfadhili anayetafuta mahali pa kuweka fedha za kuimarisha bodi anaweza kuanza na gharama ya mhasibu mmoja wa kaunti ndogo, atakayezunguka shule moja baada ya nyingine mara moja kila muhula na kukaa na mweka hazina na mwenyekiti, taarifa ya benki ikiwa mezani, katibu akiwa amekaa upande wa pili wa meza hiyo hiyo.